Shajara ya mradi: mwongozo wa vikao vya kurekebisha tabia gerezani

Januari

Tumeanza. Tunaandika mwongozo wa Kiswahili wa kuendeshea vikao vya kikundi na wafungwa. Tunataka uwafae maafisa ustawi wa jamii, washauri nasaha, askari magereza waliopewa jukumu hilo, na watu waliomaliza vifungo wakaamua kurudi kuwasaidia wenzao. Timu yetu ni ndogo: mwanasaikolojia, afisa mstaafu wa magereza ambaye sote tunamwita Mzee, ndugu mmoja aliyetumikia kifungo kirefu na sasa ana kazi na familia, na mimi ninayeandika na kuhariri.

Nimekusanya vitini vinavyotumika huku na kule nione tunaanzia wapi. Vingi vina sura moja: mada, maelezo marefu, nasaha, kisha maswali machache ya kuhakikisha wamesikia. Mwezeshaji husimama mbele, wafungwa hukaa wakasikiliza, mwisho wanapiga makofi na pengine wanapewa cheti.

Vitini hivyo vinamchukulia mfungwa kuwa mtu asiyejua, na hapo ndipo vinaponikera. Aliyeiba anajua kuwa kuiba ni kosa. Alijua kabla hajanyoosha mkono, na leo bado anajua. Aliyemchoma mwenzake kisu baada ya kutukanwa hakupungukiwa na elimu ya uraia. Alichopungukiwa nacho ni uwezo wa kutulia kwa sekunde chache kati ya tusi na kisu. Uwezo huo mtu hahubiriwi akaupata. Anaufanyia mazoezi, mbele ya watu, tena na tena, mpaka mwili uzoee.

Kwa hiyo kila kikao tutakachoandika kitapimwa kwa swali moja: mfungwa atafanya nini hapa? Jibu likiwa "atasikiliza", kikao kinarudi mezani.

Februari

Kabla hatujaenda mbali, Mzee alilitoa la moyoni. "Mwanangu, nimekaa kazini tangu ujana wangu. Programu nimeziona zikija na nimeziona zikiondoka. Wafungwa ni walewale, wanatoka na wanarudi." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyewahi kutumaini.

Nilimweleza kwamba hayo aliyoyasema yana historia ndefu. Mwaka 1974 Robert Martinson, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala iliyotokana na tafiti 231 alizozipitia na wenzake, zote za kati ya 1945 na 1967, kuhusu programu za kurekebisha wahalifu. Alihitimisha kwamba, ukiacha mifano michache iliyotawanyika, programu hizo hazikuwa na athari ya maana katika kuzuia watu wasirudie makosa. Makala ikafupishwa midomoni mwa watu: hakuna kinachosaidia. Waliotaka adhabu kali waliipenda. Hata waliopinga vifungo visivyo na ukomo, vifungo vilivyokuwa vikitetewa kwa jina la matibabu, waliipenda. Mwaka 1979 Martinson mwenyewe aliandika tena, akakiri kwamba baadhi ya programu zinasaidia kweli. Makala hiyo ya pili haikusikika kama ile ya kwanza, na nadhani tungali tunalipa gharama yake.

Wakati huohuo kulikuwa na watafiti Kanada, miongoni mwao Don Andrews, James Bonta, Paul Gendreau na Robert Ross, walioona kwamba swali lenyewe lilikuwa limeulizwa kwa jumla mno. Wao walitaka kujua ni programu ipi, kwa nani, na inaendeshwa vipi. Walipozitenga tafiti kwa maswali hayo, picha ilibadilika. Adhabu peke yake haikupunguza kitu. Programu zilizolenga watu sahihi na mambo sahihi zilipunguza, tena kwa kiasi kinachoonekana.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi tulikuwa tunachanganya dawa na maji kwenye chupa moja, halafu tunasema dawa haiponyi." Nimemwomba ruhusa niiweke kauli hiyo kwenye utangulizi.

Machi

Mwezi mzima umeliwa na swali la nani aingie kikundini.

Andrews, Bonta na mwenzao Hoge waliweka kanuni tatu mwaka 1990, na ndizo tunazozifuata. Ya kwanza ni hatari: nguvu kubwa ya programu iende kwa wenye uwezekano mkubwa wa kurudia kosa. Ya pili ni mahitaji: shughulikia yale yanayosukuma uhalifu, si kila tatizo alilonalo mtu. Ya tatu ni mwitikio: fundisha kwa njia ambayo mtu huyu, kwa akili yake, umri wake na hali yake, anaweza kuipokea.

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyoleta mjadala. Ndugu yetu aliyewahi kufungwa alisema waziwazi: "Kaka, mimi najua itakavyokuwa. Wataletwa wale watulivu, wenye nidhamu, wanaojua kusoma, ili wageni wakija programu ionekane imefaulu. Sisi wa vurugu tutaachwa selo." Na ndivyo inavyotokea sehemu nyingi. Mtu wa hatari ndogo, aliyekosea mara moja katika maisha yaliyonyooka, ana uwezekano mdogo wa kurudi hata usipomfanyia lolote. Ukimweka miezi mingi katika kikundi kimoja na waliobobea, unamtoa kwenye kazi yake na watu wake wema, unampa marafiki wapya wa uhalifu. Utafiti mkubwa uliofanyika jimbo la Ohio mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha hivyo: vituo vilevile vilivyowasaidia watu wa hatari kubwa viliwaharibu wa hatari ndogo.

Kwa hiyo mwongozo utasema bila kuzunguka: tafuta wale ambao hakuna anayewataka. Wawekee nafasi wao kwanza. Na wa hatari ndogo wasichanganywe nao. Wapewe msaada mfupi, au waachwe waendelee na yao.

Kuhusu mahitaji, tumeorodhesha yale ambayo tafiti zimeyahusisha na kurudia kosa. Historia ya makosa haibadiliki, lakini mengine yanaguswa: tabia ya pupa na ukali, fikra zinazohalalisha uhalifu, marafiki wahalifu, ugomvi wa kifamilia, kukosa kazi au masomo, muda mtupu usio na shughuli njema, na ulevi wa pombe au dawa za kulevya. Kujithamini hakumo. Vitini vingi vina vikao vizima vya kumfanya mfungwa ajione wa thamani, na mtu mwenye fikra zilezile na marafiki walewale anaweza kutoka hapo akiwa mhalifu anayejiamini zaidi. Huzuni, hofu na majeraha ya utotoni yatibiwe, kwa sababu anayeumia ni binadamu, na sababu hiyo inatosha. Lakini tusiyaandike kwenye ripoti kana kwamba ni kupunguza uhalifu.

Kuhusu mwitikio tumeamua mara moja: hakuna zoezi litakalotegemea kusoma. Kila kitu kifanyike kwa mdomo, kwa kuchora, au kwa kuigiza.

Aprili

Kikao cha mnyororo, yaani mfuatano wa tukio, wazo na kitendo, kimekamilika. Kwangu hiki ndicho moyo wa mwongozo wote, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu.

Chanzo chake ni kazi ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliyegundua miaka ya 1960 akiwatibu watu wenye sonona kwamba kati ya tukio na hisia hupita wazo, la haraka sana, ambalo mtu mwenyewe halisikii mpaka afundishwe kulisikiliza. Miaka ya 1980 Ross na Elizabeth Fabiano wakiwa Kanada walitengeneza programu ya kuwafundisha wahalifu kufikiri kwa namna hiyo: kutatua tatizo, kuona jambo kwa jicho la mwingine, kujizuia. Tangu hapo programu za aina hii zimeenea. Mwaka 2005 Nana Landenberger na Mark Lipsey walijumlisha tafiti 58 na kukuta kwamba kurudia kosa kulipungua kwa takriban robo. Kwa lugha ya watu: kati ya watu 100 ambao 40 wangerudi, wanarudi 30. Kumi hao si wachache. Nyuma ya kila mmoja kuna mtu ambaye hakuibiwa, hakupigwa, hakubakwa.

Kikao chenyewe kinaanza na tukio dogo la karibuni, la mlemle ndani, si kosa lililomleta gerezani. Huu ni mfano tuliouandika pamoja na ndugu yetu:

Mwezeshaji: Tupe kilichotokea.
Mshiriki: Tulikuwa foleni ya chakula, akanikanyaga.
— Ikawaje?
— Nikampiga.
— Kati ya kukanyagwa na kupiga kulikuwa na nini?
— Hakuna kitu. Nilimpiga tu.
— Turudi nyuma. Amekukanyaga, bado hujampiga. Macho yako yalikwenda wapi?
— Niliangalia nyuma, nani ameona.
— Ukaona?
— Waliona wote.
— Hapo ukajiambia nini?
— Nikiiacha hii, kesho watanichukulia sahani.

Limepatikana. Mtu aliyeapa kwamba hakukuwa na kitu ametoa wazo zima, lenye sababu na utabiri ndani yake. Mwongozo unamwonya mwezeshaji asikimbilie kusema wazo hilo ni baya. Gerezani huenda ni la kweli. Anachouliza ni hiki: ni njia gani nyingine ingekulindia sahani yako bila kukuongezea adhabu? Kikundi kinajibu, si mwezeshaji. Mmoja atasema amtazame na kumwambia "angalia mguu" kwa sauti ya chini. Mwingine atasema aongee na nyapara baadaye.

Kisha wanasimama. Wanapanga foleni, wanashika sahani, mwenzao anamkanyaga kweli, naye anajaribu lile alilolichagua. Mara ya kwanza atacheka. Mara ya pili sauti itatoka na ukali. Wanarudia, na kila marudio yanaongezewa ugumu: mkanyagaji hasemi samahani, kisha anacheka, kisha anatukana. Hapo kwenye tusi ndipo kazi ilipo. Tumetenga zaidi ya nusu ya muda wa kikao kwa kusimama na kuigiza, na sitakubali mtu aupunguze kwa ajili ya maelezo.

Mei

Sura ya visingizio.

Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza walionyesha kwamba vijana wakosaji hawaishi katika dunia yenye maadili yao ya pekee. Wanaamini karibu yaleyale tunayoyaamini sisi, ila wana namna za kuyaweka kando kwa muda. Walitaja tano, na kila aliyewahi kukaa na wafungwa amezisikia zote: haikuwa mimi, ilikuwa pombe; hakupata hasara, ana mali nyingi; alijitakia mwenyewe; hao wanaonihukumu ni wezi kuliko mimi; nilifanya kwa ajili ya wenzangu, nisingeweza kuwaacha.

Rasimu ya kwanza ya sura, iliyotokana na kitini cha zamani, ilimtaka mwezeshaji avunje visingizio kimoja kimoja mpaka mfungwa akiri kosa mbele ya wote. Mwanasaikolojia wetu aliikataa, na alikuwa na hoja nzito. Uchambuzi wa Karl Hanson na Monique Bussière wa mwaka 1998, uliohusu waliofungwa kwa makosa ya kingono, haukukuta kwamba wanaokana kosa hurudia zaidi ya wanaokiri. Na Shadd Maruna na Ruth Mann waliandika mwaka 2006 kwamba kujitetea ni tabia ya kila binadamu anayeulizwa kwa nini alikosea. Anayesema "niko hivi, mimi ni mtu mbaya" ndiye wa kumhofia zaidi.

Nimekubaliana naye. Kulia na kukiri mbele ya kikundi kunawaridhisha watazamaji, lakini hakumfundishi mtu la kufanya kesho. Sura imeandikwa upya. Visingizio sasa havivunjwi, vinageuzwa mbele. Mtu akisema ilikuwa pombe, swali linalofuata ni: basi siku utakayotoka, saa ya jioni, utakuwa wapi, na nani, na mkononi una nini? Anayesema hakuweza kuwaacha wenzake anaigiza kuwaacha: rafiki wa zamani amekuja mlangoni na simu ya wizi ya kuuza, ni rafiki aliyemletea chakula mama yake muda wote alipokuwa ndani. Atamwambia nini? Zoezi hili ni gumu kuliko la foleni. Ndugu yetu alipoliigiza nasi ofisini alinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu. Alimkaribisha rafiki chai nje ya nyumba, akamshukuru kwa mambo ya mama, akasema simu hiyo hataigusa. Tumeichukua kama ilivyo.

Juni

Nilisisitiza mwongozo uwe na sura ya mambo yanayodhuru. Wenzangu waliona inakatisha tamaa. Mimi naona bila sura hiyo tutakuwa tunawapa watu zana bila kuwaambia inakata wapi.

Mfano wa kwanza ni ule wa kuwatisha vijana. Gereza la Rahway, New Jersey, lilipata umaarufu miaka ya 1970 kwa kuwaingiza vijana watukutu ndani ili wafungwa wa vifungo vya maisha wawafokee na kuwaeleza mabaya ya gerezani. Watu walipenda, nchi nyingi zikaiga. Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio 9 yaliyowagawa vijana kwa bahati nasibu, walikuta kwamba waliotishwa walitenda makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa popote. Kutokufanya lolote kungewafaa zaidi.

Wa pili unatisha. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi mkali ya Oak Ridge, Ontario, Kanada, miaka ya 1960 na 1970, wagonjwa wahalifu waliachiwa watibiane wenyewe kwa wenyewe, wengine wakifungiwa chumbani uchi siku nyingi mfululizo, wengine wakipewa dawa za kuvuruga fahamu kama LSD. Mwaka 1992 Marnie Rice na wenzake walichapisha matokeo: wale wenye saikopathia, yaani hali ya kukosa huruma na majuto, waliopitia matibabu hayo walirudia makosa ya ukatili zaidi ya wenzao waliofungwa gerezani tu. Watafiti walidhani kwamba walijifunza kusoma hisia za watu, na wakaenda kuzitumia.

Wa tatu ni wa juzi tu, na ulifanywa na watu wenye nia njema na utaratibu mzuri. Magereza ya Uingereza na Wales yalikuwa na programu ya kikundi kwa waliofungwa kwa makosa ya kingono tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017 ililinganisha watu 2,562 waliopitia programu na 13,219 ambao hawakuipitia. Waliorudia makosa ya kingono walikuwa asilimia 10 kwa waliofundishwa, asilimia 8 kwa wasiofundishwa. Programu ikaondolewa. Watafiti wamejadili sababu nyingi, miongoni mwake kusimulia kosa kwa undani mbele ya kikundi mpaka likawa jambo la kawaida. Ninachokiheshimu ni kwamba walipima, wakachapisha, wakaacha.

Kutokana na sura hii tumeweka makatazo kwenye kila kikao: hakuna kusimulia kosa la kumdhuru mtu mwili hatua kwa hatua, hakuna kumwaibisha mtu, hakuna kumtenga anayekataa kusema. Na mfungwa anaelezwa tangu siku ya kwanza lipi litabaki chumbani na lipi mwezeshaji analazimika kuliripoti, kama vile mpango wa kumdhuru mtu.

Julai

Sura ya mwezeshaji ni fupi. Tumechukua mengi kutoka kwa namna ya mazungumzo aliyoianzisha William Miller mwaka 1983 akiwahudumia walevi, kisha akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Msingi wake ni kwamba mtu anayesitasita ukimsukuma upande mmoja, atajitetea upande wa pili, na kila anavyojitetea ndivyo anavyojiaminisha mwenyewe. Basi mwulize maswali yatakayomfanya yeye aseme sababu za kubadilika. "Ni kitu gani kinakuchosha katika maisha hayo?" inafika mbali kuliko "Huoni unavyowatesa wazazi?"

Mzee alikuwa na wasiwasi kwamba askari wakiongea hivyo watadharauliwa. Tukajaribu zoezi la ngumi, ambalo limejulikana kupitia programu ya vijana ya Chicago. Watu wawili wawili: mmoja anashika mpira, mwingine anaambiwa ana sekunde 30 kuutoa mpira mkononi mwa mwenzake. Tulilifanya na kikundi cha vijana walio chini ya uangalizi wa mahakama. Chumba kilijaa kushikana, kukunjana vidole, vicheko na jasho. Muda ulipokwisha, Mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Wanangu, kuna aliyemwomba mwenzake ampe?" Hakuna. Kijana mmoja akasema, "Shikamoo Mzee, lakini angenipa kweli?" Mwenzake, bado ameushika mpira, akajibu, "Ningekupa. Wa kazi gani kwangu?"

Baada ya hapo Mzee hakuzungumzia tena kudharauliwa. Alikaa na vijana hao mpaka jioni.

Majaribio ya programu ya Chicago yalionyesha kukamatwa kwa makosa ya ukatili kukipungua kwa asilimia 45 hadi 50 wakati vijana wakiwa kwenye programu. Programu ilipokwisha, punguzo hilo halikudumu. Jambo hilo limetupa kazi ya miezi inayofuata.

Septemba

Agosti ilikwenda kwenye uhariri. Mwezi huu tumeandika sura ya baada ya lango.

Mfano tunaoujenga ni wa Afrika, na ninaona fahari kuuweka mbele. Monrovia, Liberia, Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na vurugu za mitaani. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata vikao vya wiki 8 vya kurekebisha fikra na tabia, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Vikao viliongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayohayo. Mara tatu kwa wiki walikaa pamoja saa kadhaa, na siku nyingine wawezeshaji waliwafuata walikoishi. Mazoezi yao yalikuwa ya kutenda: kunyoa, kubadili mavazi, kuingia benki na kuuliza namna ya kufungua akaunti, kuingia duka ambalo zamani wangefukuzwa mlangoni.

Baada ya mwaka mmoja, waliopata vikao pekee walikuwa wameanza kurudi walikotoka. Waliopata vikao na fedha waliendelea vizuri. Watafiti waliporudi baada ya miaka 10, kundi hilo la vyote viwili bado lilikuwa na uhalifu pungufu kwa karibu nusu. Biashara nyingi zilizoanzishwa kwa zile dola hazikudumu. Maelezo ya watafiti ni kwamba fedha iliwapa miezi michache zaidi ya kuishi kama watu wapya bila kusukumwa na njaa kurudi kwenye wizi, na katika miezi hiyo mazoezi yakawa mazoea.

Sura inamtaka mwezeshaji apange mambo ya lango mapema, mfungwa akiwa bado ndani: atalala wapi usiku wa kwanza, nani atampokea, nauli inatoka wapi, nani wa kumpigia simu akijisikia kurudi. Robert Sampson na John Laub, waliofuatilia maisha ya wanaume 500 wa Boston tangu utoto wao wa ukosaji, walionyesha kwamba kazi ya kudumu na ndoa yenye upendo viliwavuta wengi kutoka kwenye uhalifu, hata waliokuwa wameanza vibaya sana. Kikao hakiwezi kumpa mtu kazi wala mke. Kinaweza kumfundisha namna ya kukaa kazini siku bosi anapomkaripia.

Pia tumeweka zoezi la kusimulia maisha, kutokana na mazungumzo ya Maruna na watu wa Liverpool. Walioacha uhalifu na walioendelea walikuwa na historia zenye shida zinazofanana. Tofauti ilikuwa katika simulizi. Waliacha wale waliojiona ndani kabisa kuwa watu wema, wakaona yaliyowapata yanaweza kumfaa mwingine. Ndugu yetu aliposoma aya hiyo aliniambia, "Kaka, ndiyo maana niko hapa." Sikuandika zaidi siku hiyo.

Oktoba

Sura ya tathmini imemalizika. Nimepambana ili isiwe ya kujisifu.

Mwaka 2021 Gabrielle Beaudry na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 29 ya bahati nasibu yaliyofanyika magerezani, yenye washiriki 9,443. Kwa jumla tiba za kisaikolojia zilipunguza kurudia kosa. Walipoyaondoa majaribio madogo, punguzo halikuwa la uhakika tena. Jumuiya za tiba, ambako wafungwa wanaishi pamoja ndani ya utaratibu wa matibabu, zilionyesha matokeo bora, na watafiti walisisitiza kuunganisha kazi ya ndani na msaada wa baada ya kutoka. Mwanasaikolojia wetu alihofu kwamba wafadhili wakisoma hayo watatuacha. Nilimwambia ni afadhali wayasome kwetu. Programu ndogo huendeshwa na waanzilishi wenye moyo; ikipanuliwa, vikao vinafupishwa, wawezeshaji hawafundishwi vya kutosha, maigizo yanageuka mihadhara. Mwongozo wetu una hatari hiyohiyo, na mtu aliyeonywa ana nafasi ya kuikwepa.

Kwa hiyo tathmini itaangalia mambo mawili. La kwanza ni kama kikao kimeendeshwa kama kilivyoandikwa: mwezeshaji mwenza anakaa na karatasi na kuandika washiriki wamesimama kwa dakika ngapi, nani hakupata zamu, mwezeshaji ameongea kwa muda gani. La pili ni kurudia kosa, kwa kukamatwa na kufungwa tena, likifuatiliwa angalau miaka miwili, pamoja na kikundi cha kulinganisha. Maoni ya washiriki mwisho wa kikao tutayachukua kwa heshima, lakini hayataitwa matokeo.

Hali ya kazi kwa sasa: vikao vyote vimeandikwa na kujaribiwa nje ya gereza. Michoro ya mnyororo inasubiri mchoraji arekebishe nyuso, kwa sababu wafungwa wa rasimu ya kwanza wamechorwa wakiwa na sura za kutisha na hatutaki hilo. Barua ya kuomba kuingia gerezani imepelekwa, ikisema wazi kwamba tunataka washiriki wa hatari kubwa na kwamba uchaguzi utafuata tathmini, si nidhamu. Mzee ataongoza mafunzo ya askari, na ndugu yetu amekubali kuwa mwezeshaji mwenza. Mimi nimebaki na sura ya foleni ya chakula, ambayo ndugu yetu ameniomba niongeze marudio mawili: moja mkanyagaji akiwa nyapara, na moja akiwa askari.